Pua ya Bi Mongia

Emna, uko wapi? Shika simu! Dada yangu Dalenda nusura avunje uchumba wake kwa udongo. Udongo, Emna!

Si unaujua ule wake, unaokauka wenyewe bila kuchomwa? Juzi kafinyanga chombo cha maua chenye uso, akakipa pua ya mama mkwe wake mtarajiwa, Bi Mongia. Pua ile ile! Tulicheka mpaka mbavu zikauma, kisha akakianika dirishani.

Leo asubuhi kengele ikalia. Bi Mongia mwenyewe! Katoka Sfax bila taarifa, na sahani ya makrudhi, vile vitamu vya tende, mkononi.

Bi Mongia alipoingia sebuleni, Dalenda akakirushia chombo taulo.

"Unaficha nini pale, binti yangu?" Bi Mongia akauliza, na huku keshalivuta taulo!

Emna, Dalenda kawa mweupe kuliko udongo wenyewe. Mimi naangalia zulia.

Bi Mongia akavaa miwani. "Nani huyu?"

"Si mtu, mama," Dalenda akababaika.

"Si mtu? Huyu ni dada yangu Habiba mtupu! Miaka yote namwambia pua yake inatangulia kuingia mlangoni, anakataa. Leo nina ushahidi!"

Habiba! Emna, kasema Habiba! Akacheka hadi machozi, akakiomba chombo, akapewa mbio mbio.

Alipokuwa anatoka akageuka: "Na mimi unifinyangie changu. Ila usinipendelee, nitoe vile vile nilivyo."

Sasa Dalenda kakaa mbele ya donge la udongo, ananiuliza mimi hiyo pua aifanyeje.