Kipande Nilichokisugua kwa Msasa

Jumatatu, 3 Machi

Nimeficha jambo hili miaka thelathini na minane: jedwali langu la vipimo vya kukereza, yaani kuchonga kwa mashine, chuma kisichoshika kutu, lile lililobandikwa kwenye karakana ya chuo, ni la uongo. Kipande nilichokipima kikawa laini kama kioo, hakikutoka laini mashinani. Nilikisugua kwa msasa! Mlango nimeufunga, mhadhiri mzima, nasugua kama mtu anayeosha sufuria.

Basi. Nimeandika. Daktari anasema moyo umechoka. Si ajabu.

Jumatano, 5 Machi

Mjukuu wangu amekuja, mikono inanuka mafuta ya mashine. Utafiti wake wa mwisho pale pale chuoni ni kurudia jedwali langu tu, alithibitishe. Amefuata kila namba: kisu cha mashine kisogee kidogo sana kwa kila mzunguko. Kisu kinaisha makali baada ya dakika sita! Na uso wa chuma, anasema, ni kama kidevu changu kabla sijanyoa.

“Babu, chuma chako kilishushwa kutoka mbinguni?”

Nikasema labda mashine yao imelegea. Mashine! Nimeisingizia kwa kuwa haina mdomo.

Ijumaa, 7 Machi

Jana, kwa hasira tu, aliongeza mwendo wa kisu kwa kila mzunguko, ukawa mara tatu ya wangu. Kikadumu dakika ishirini na tano. Uso safi. Akanieleza sababu, polepole, kwa sauti ya kuwasemesha wazee: kisu kikisogea kidogo mno hakikati, kinasugua, chuma kikisuguliwa kinakuwa kigumu, kikishakuwa kigumu kinakila kisu. Nikaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi wa dawati la mbele.

Kisha akasema atavifuta vipimo hivyo na kuandika vinavyofanana na vyangu. Msimamizi wake amemwambia kosa ni lake, na asipolirekebisha hapiti. “Nani atanisikiliza mimi dhidi ya mchumba wangu mzee?” Mchumba ndiye mimi, kwa utani wake.

Nikajifanya nimesinzia. Hata nikakoroma kidogo — kwa ustadi.

Jumamosi, 8 Machi

Anakabidhi kazi keshokutwa. Asubuhi yote yuko kwenye meza yangu, anafuta. Nasikia kifutio kutoka kitandani. Kweli yake, inapukutika sakafuni!

Nikamwita. Nikamwambia habari ya msasa.

Alicheka, alidhani ni utani wetu wa kawaida. Kisha akaacha kucheka. Akaniuliza, kwa upole: “Kwa hiyo ulikosea tu, Babu? Hukujua mwendo ulio sahihi?”

Ananifungulia mlango wa kutorokea, mtoto huyu. Na miguu yangu, isiyoweza kufika hata chooni, ilitaka kukimbia!

Ameenda kuniletea maji. Kifutio amekiacha. Naandika haraka kabla hajarudi, nisije nikajibu “ndiyo.”

Nilijua. Mwaka ule fundi mkereza wa karakana yetu, ambaye hakuwa na cheti hata kimoja, aliniletea kipande kingali na joto pamoja na karatasi ya vipimo: mwendo mara tatu ya wangu, dakika ishirini na tano, uso safi. Nikamshukuru. Alipotoka, nikaichana karatasi yake, nikachukua kipande changu kilichokwaruzika, nikatoa msasa.