Kila Uliponiuliza Hali

Nyumba ya kona, nyuma ya duka la vioo
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mpwa wangu Chiriku,

Kuna jambo nimekuficha tangu mwaka jana, na nimeamua kuliandika kwa sababu nikisikia sauti yako kwenye simu huwa nalimeza. Naumwa, na si ugonjwa wa kupona. Lakini kabla sijafika huko, hujambo? Watoto hawajambo? Na mgongo wako, umeutafutia kiti cha maana huko kazini, au bado unakalia kile kinachoyumba?

Aliyegundua mapema ni fundi cherehani tunayepakana naye ukuta. Nilimpelekea suruali aipunguze kiuno, nikairudisha, kisha nikairudisha tena. Akaniambia, "Mwalimu, nikikata zaidi mifuko ya nyuma itakuwa mfuko mmoja." Nilicheka, yeye hakucheka. Alifunga kibanda chake akanipeleka hospitali.

Daktari alikuwa mwanafunzi wangu. Aliponiona mlangoni alisimama wima, akaniuliza hali yangu kwa Kiingereza, kwa heshima zote. Unaijua desturi ya darasa langu: mtoto anasimama, anajibu "I am fine, thank you," ndipo anaruhusiwa kukaa. Hata mwenye homa alijibu hivyo huku meno yakigongana. Basi na mimi nikajibu hivyohivyo, tena kwa sauti ya ubaoni, nikamwambia akae. Tukaongea habari za wenzake, nani kaoa, nani kanenepa, nikaondoka na vidonge vya tumbo.

Fundi alinisubiri nje. Nilipomsimulia alishika kiuno. "Yaani umeingia kwa daktari ukamsalimia tu?"

Nilirudi maumivu yaliponizidi. Safari hiyo kijana wangu hakusimama. Alinibonyeza ubavuni, akanipeleka kupigwa picha. Ni uvimbe kwenye ini, na umeshasambaa. Nilimuuliza kama ungetibika nilipokwenda mara ya kwanza. Aliinama akaniandikia dawa za maumivu.

Tangu hapo nalifikiria neno hilo moja, "fine", nililolifundisha mpaka nywele zikaisha. Nilikuwa nawaandikia ubaoni: ni afya ya mtu, ni anga lisilo na wingu, ni unga uliosagwa ukalainika, ni adhabu ya mahakamani. Kisha kuna ile namna ya kukataa kwa adabu, niliyokukazia wewe ulipokuwa unafunga mizigo ya kwenda ng'ambo. Nilikwambia wakikukaribisha kitu usichokitaka, jibu "No, I'm fine," wataelewa hutaki, na hawatakukasirikia.

Hilo ndilo linaloninyima raha, mwanangu. Uliponiuliza kama uje kunitazama, nilikujibu maneno hayohayo. Ulipopata likizo ukauliza tena, nikayarudia. Baada ya hapo hukuuliza. Naogopa uliniheshimu, ukaacha kunisumbua.

Usimlaumu fundi kwa kukaa kimya. Nilimkataza, naye alinitii kwa shingo upande, huku akinipikia uji na kunisema kila siku kwamba nina kichwa cha chuma.

Nisalimie mumeo, mwambie redio aliyoninunulia inaongea kuliko mimi. Wakumbatie watoto wote wawili, na yule mdogo aache kuniiga mimi babu yake ninavyokohoa, maana sasa nimemzidi. Dada yako wa kwa mama mkubwa naye umpelekee salamu, ila habari hizi umwambie taratibu, pressure yake unaijua. Mungu awatunze mnapotoka na mnaporudi, na akuwekee karibu watu wasiokuficha maumivu yao.

Chiriku, sikukukatalia kwa sababu najiweza. Niliona haya kuonekana nimekwisha hivi, na mimi ndiye niliyekulea. Nilitaka uje tangu siku ile ya kwanza uliponiuliza. Nilipokata simu nililia. Nataka uje sasa, maana naogopa kufa peke yangu.

Ni mimi nikupendaye,
Mjomba wako