Baba, Nimeing'oa Misumari Yako

Kwako Baba,

Sikuulizi umelalaje huko Machakos, na salamu za Mama utazisubiri kidogo. Nimekasirika. Wewe ndiye uliyenifunza kwamba mtu akikasirika aseme, asinune kama paka, basi nasema. Nadhani nilikasirika hata kabla hujafa, ila wakati huo nilikuwa nakuonea huruma, na hizo mbili zikanichanganya.

Nianze na mazuri, usije ukasema nimesahau. Nakumbuka Jumamosi zetu. Nilikuwa nafunga duka langu la vipuri vya pikipiki kule Mowlem, siku ambayo wateja ni wengi kuliko zote, nakuja Makongeni kukuchukua. Nakukuta umeshavaa ovaroli, umekaa mlangoni, unamlaumu Mama kwa kuchelewesha chai ambayo ulishaimaliza. Kisha tunafuata reli kwa miguu mpaka makumbusho ya reli, wewe ukisimama kila baada ya hatua chache ukijifanya unakagua mataruma yaliyobeba reli, kumbe ni kifua kinakubana. Nami nilijifanya nakagua pamoja nawe.

Tulikuwa watu saba tu wa kujitolea. Wazee watano wa reli, Kassim mchomeleaji wa Kariobangi, na mimi, mwanamke pekee, ambaye wiki ya kwanza mlinipa kazi ya kufuta grisi mkidhani sitarudi. Nilirudi miaka sita. Injini ile ya mvuke ilikuwa imekaa nje ikinyeshewa tangu kabla sijazaliwa, ndege wametaga ndani ya bomba la moshi, na sisi tukaifungua kipande kwa kipande na kuirudisha kipande kwa kipande. Siku gurudumu la kwanza lilipozunguka, Mzee Okumu alicheza mpaka akatupa fimbo yake. Nilikuwa na furaha, Baba. Sikatai.

Na nakumbuka desturi yenu ninyi wawili. Okumu alikuwa dereva, wewe fundi wa boila, tangu mkiwa vijana. Hakupanda injini kabla hujasimama pale kwenye ngazi, ukamtazama usoni na kusema, "Panda." Neno moja. Hata injini ikiwa baridi, hata akitaka tu kupangusa kioo, alikuwa anasubiri umwambie panda. Sisi wengine tulikuwa tunawacheka.

Siku yangu ya kwanza ulinipeleka kwenye chumba cha dereva ukanionyesha ule ukuta wa chuma anaosimama mbele yake. Nyuma yake kuna maji, ukasema, na nyuma ya maji kuna ukuta mwingine, na nyuma ya huo kuna moto. Kuta hizo mbili zimeshikanishwa kwa boliti nyingi ili mvuke usizipasue, na kila boliti ina kitobo chembamba katikati. Boliti ikikatika kule ndani ambako jicho halifiki, maji yanafuata kitobo na kudondoka nje, na hapo fundi anajua.

"Hiki ndicho kinywa chake, Mama," ukaniambia. Uliniita Mama kila siku kwa sababu nimebeba jina la mama yako. "Mtu anaweza kukudanganya. Hiki hakiwezi."

Sasa niambie. Ni nani aliyeniambia maneno hayo? Si wewe? Si wewe uliyenichapa nikiwa darasa la tatu kwa kusema nimerudisha sufuria ya jirani na kumbe bado iko chini ya kitanda? Makongeni nzima ilikuwa ikikutumia kama mzani. Watu wakigombana juu ya zamu ya mfereji wanaitwa kwako, na ukishasema, yameisha.

Siku mkaguzi alipokuja kupima boila, tuliijaza maji asubuhi. Wenzetu wakaenda kula chapati na maharagwe kule nje ya geti. Tukabaki mimi na wewe, na vitobo vinne vikaanza kudondosha. Vinne, Baba, vimefuatana, usawa wa magoti ya dereva. Mimi niliviona kwanza. Nilikuita nikiwa na kiherehere, kama mtoto aliyepata jibu darasani.

Hukushtuka. Ukatia mkono mfukoni ukatoa misumari midogo ya kushonea viatu, ile ya yule fundi wa viatu wa hapo nyumbani. Ulikuwa nayo mfukoni! Ina maana ulikuwa unajua tangu nyumbani, ulikunywa chai yako ukijua, ukatembea na mimi reli nzima ukijua. Ukaigonga mmoja mmoja, taratibu, ukaacha vichwa vidogo tu, ukapaka rangi nyeusi juu.

"Nyamaza, Mama," ukasema. "Nataka kuisikia ikilia firimbi mara moja tu. Baadaye tutaweka boliti mpya."

Nikanyamaza. Ulikuwa umekonda, ulikuwa unakohoa mpaka unashika ukuta, na mimi nilikuwa nakupenda. Mkaguzi akaja, akapitisha tochi, akaandika kwamba boila ni nzima. Ukampa mkono. Sikuwa nimewahi kukuchukia kabla ya siku ile, na ilinichukua muda kujua kwamba kile nilichohisi kinaitwa hivyo.

Ukafa kabla ya firimbi. Kwenye mazishi Okumu alishika maiki akasema hajawahi kusikia uongo ukitoka kinywani mwako. Watu wakasema kweli, kweli. Mimi nilikuwa mstari wa mbele na leso usoni, nikilia, na nusu ya kilio hicho ilikuwa hasira. Uliniachia kazi ya kukulinda bila kuniuliza kama naiweza.

Halafu wakubwa wa makumbusho wakatangaza siku ya wazi kwa umma. Injini itawashwa kwa heshima yako. Okumu ataendesha akiwa amevaa kofia yako. Watoto wa shule watapandishwa zamu kwa zamu kwenye chumba cha dereva wapigwe picha. Na mimi, binti wa marehemu, nitawasha moto wa kwanza. Kila mtu alinipongeza. Niliitikia na kusema asante, wiki nzima, kwa sababu nilikuwa mwoga. Andika hilo pia huko uliko.

Asubuhi ile watoto walikuwa wameshapangwa mstari, soksi zimevutwa juu. Kassim akanikabidhi tambara lililolowa mafuta taa na kiberiti. Nikaviweka chini. Nikatoa koleo kwenye ovaroli.

"Siz, unafanya nini sasa?" Kassim akauliza. "Washa tu, watoi wanangoja."

"Haiwashwi," nikasema.

"Aje haiwashwi? Si mzae wako alisema iko fiti?"

"Alisema."

Mzee Okumu akaja mpaka kwenye ngazi, kofia yako kichwani. "Mueni, mimi nimefanya kazi na babako tangu hata hujazaliwa," akasema, kwa upole kabisa, kama anayembembeleza mgonjwa. "Yeye akisema iko sawa, hiyo iko sawa. Huzuni inakusumbua, mama."

Nilipiga magoti, nikakwangua rangi kwa kisu, nikakamata kichwa cha msumari wa kwanza nikavuta. Ukatoka. Nikavuta wa pili, wa tatu, wa nne. Boila ilikuwa imejaa maji tayari. Tulisubiri kidogo tu, kisha kitobo cha kwanza kikaanza kudondosha, kikafuata kingine, mpaka vyote vinne.

Okumu alipanda. Ndiyo mara ya kwanza namwona akipanda bila kuambiwa. Akainama akaweka kidole gumba juu ya kitobo, akakiacha hapo muda mrefu.

"Alijua?"

"Alijua."

"Na hapa ndipo ningesimama mimi."

"Ndiyo."

Alivua kofia yako akaitundika kwenye mkono wa breki, akashuka, akaenda nyumbani. Watoto walirudishwa shule. Mkuu wa makumbusho alinifokea kama amenikuta naiba, nami nikamfokea zaidi, mpaka Kassim akatutenganisha. Jioni nilipofika Makongeni, Mama alikuwa ameshasikia. "Umemvua babako nguo mbele ya watu," akaniambia, akaingia chumbani. Wiki tatu hakuniwekea chai. Angenipiga ningeumia kidogo kuliko hivyo.

Kassim alipozitoa boliti zile alikuta nyingine tano jirani zake zimepasuka nusu. Zingeshika mvuke? Labda. Labda zingeshika siku moja, upate firimbi yako. Labda zisingeshika, na maji yanayochemka yangemmwagikia rafiki yako na watoto wa watu. Wewe ulijua kuliko sisi sote maji yale yanafanya nini mtu akimwagikiwa. Ulinisimulia mwenyewe habari za yule mwenzako wa karakana aliyeunguzwa nayo, na ulikuwa unalia ukisimulia.

Ungeniambia tu kwamba unaogopa kufa kabla haijalia. Hilo tu. Ningelia na wewe pale pale kwenye chumba cha dereva, tungekuwa wawili, halafu ningekunyang'anya ile misumari. Lakini uliogopa kuniambia unaogopa, ukaona afadhali unifanye mwongo. Mimi, uliyenipa jina la mama yako.

Bado nakwenda kila Jumamosi. Bado nakupenda, na hiyo ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa sababu kila nikishika spana mkono wangu unafanya kama wako. Tumeweka boliti mpya, na karibuni mkaguzi mwingine atakuja. Wazee wawili waliacha kuja. Mama ananiwekea chai siku hizi, bila sukari, lakini ananiwekea.

Okumu alirudi baada ya mwezi mmoja. Hakutaja jina lako wala hakugusa kofia. Sasa kila Jumamosi, kabla hajafanya lolote, anapanda na tochi yake na kuanza kona ya juu, akipitisha kidole gumba kwenye kitobo kimoja baada ya kingine mpaka vyote viishe. Macho yake ni mabaya na magoti yanamuuma, kwa hiyo inamchukua asubuhi nzima. Nilijaribu kumwambia nimeshavikagua vyote. Aliniitikia kwa kichwa na kuendelea. Zamani wewe ulikuwa ukimwambia tu "Panda," naye anapanda.

Ni mimi,
Binti yako, jina la mama yako