Abiria wa Kaluki

Jumamosi, 7 Juni 2025

Kaluki amepata leseni ya muda! Sasa binti yangu anaruhusiwa kujifunza pikipiki barabarani, mradi abandike L ya mwanafunzi mbele na nyuma. Kuna duka la dawa Westlands limemwahidi kazi ya kupelekea wateja dawa akifaulu mtihani mwisho wa mwezi. Kamene, mamake, ameiombea pikipiki tuliyomnunulia kama mtoto mchanga. Mimi nimeikagua. Nimepiga gurudumu teke, nikasema "mm." Sijui nilikuwa natafuta nini.

Nimetoa amri: hatoki peke yake. Nitaketi nyuma nimsimamie. Learner lazima awe na mtu mwenye leseni, na mimi nina leseni tangu kabla hajazaliwa.

"Dadi, hiyo ni ya gari. Mwalimu amesema kwa nduthi learner habebi mtu."

Nikamwambia mwalimu wake ni mtoto wa juzi.

Jumapili, 8 Juni

Aibu. Aibu tupu!

Tumetoka kanisani, tukaenda ile barabara tulivu nyuma ya nyumba, hapa Uthiru. Helmeti ya kuazima ilinibana mashavu nikafanana na andazi. Kaluki aliendesha vizuri, nikiri. Mimi ndiye nilikuwa redio: Breki! Indiketa! Tazama kuku!

Kwenye kona pikipiki ikalala kushoto, kama inavyotakiwa. Nami, kwa hekima yangu yote ya usukani, nikajiinamisha kulia. Kusawazisha mambo! Tukasawazishwa na gari la jirani yetu Virginia lililoegeshwa langoni kwake.

Kaluki mzima, Mungu ni mwema. Mimi nimeangukia makalio, kwa hivyo hakuna kilichopungua. Lakini mlango wa gari umebonyea na kioo cha pembeni kinaning'inia kwa nyaya.

Virginia alipotoka tulikuwa bado chini. "Mzee Mutie, kama ulitaka lift si ungebisha tu?" Halafu akaacha kucheka. Akasema bima imlipe, ama tuuze hiyo pikipiki tumlipe.

Kaluki anaifuta tu pikipiki vumbi. Angepiga kelele ningejua la kufanya.

Jumatatu, 9 Juni

Leo, kwa mara ya kwanza maishani, nimesoma masharti ya bima. Learner anakubalika. Learner akibeba abiria, bima inajitoa. Wameandika kwa herufi ndogo sana, lakini wameandika. Mwalimu mtoto wa juzi alikuwa sahihi.

Nimempigia Gerishon, ajenti aliyetuuzia bima. Nikauliza kwa niaba ya rafiki.

"Mzee, huyo rafiki yako ana kilo ngapi?"

Habari imefika hadi kwake!

Basi nina mpango. Virginia alitukuta chini, hakuona tukianguka. Kaluki aseme alikuwa peke yake. Mimi nilikuwa napita kwa miguu, nikakimbia kumsaidia, nikateleza. Niliueleza jikoni kwa sauti ya mtu mwenye akili.

Kamene hakuinua macho kutoka kwa sukuma wiki. "Baba Kaluki, ulikuwa unapita kwa miguu ukiwa na helmeti?"

Jumatano, 11 Juni

Mjini, ofisi ya bima, ghorofa ya juu kabisa. Kaluki yuko ndani na mkaguzi, mimi nimeachwa kwenye benchi la koridoni. Nimevaa suti. Suti ya nini, sijui. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Tukipanda ngazi aliniuliza polepole: "Dadi, nikisema nilikuwa solo, si basi nimeanguka mwenyewe? Kona rahisi hivyo?"

Nikasema ni maneno tu ya ofisini.

"Na watu wa duka la dawa wakiuliza kama nishawahi kuanguka?"

Hawatauliza, nikasema.

"Mimi sijawahi kuanguka, Dadi."

Nikarekebisha tai. Akisema ukweli bima hailipi, pikipiki inauzwa, kazi kwisha. Akisema uongo wangu, pikipiki inabaki, na dereva mbaya ni yeye. Nilimpangia hivyo mimi, nikaona nimemsaidia.

Mlango wao ni wa kioo. Mkaguzi anachora ile kona kwenye karatasi kubwa. Barabara. Gari la Virginia. Pikipiki, na juu yake kichwa kimoja. Amemgeuzia Kaluki aone kama ni sawa.

Kaluki anaitazama. Anaitazama sana.

Ameomba kalamu.

Anachora kichwa cha pili. Kikubwa! Na tumbo, halisi kabisa hilo tumbo, limeinamia kulia peke yake. Sasa ameweka kalamu chini, amekaa wima.

Mkaguzi ameinua macho, ananitazama kupitia kioo. Ananiita kwa mkono.

Nimejifanya nina shughuli. Naandika. Amegonga kioo. Kaluki naye amegeuka. Naandika tu, naandika, amegonga tena, na mimi bado naandi—