Mkate wa Muuguzi Ritha

Area D, Dodoma
16 Juni 2025

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na mbuzi wa Mama Shakila wameacha alizeti zako? Mimi ni mzima, ila usingizi haba.

Nina habari njema. Unakumbuka Baba alivyoshindwa kutoa makohozi ya kupimwa, akaambiwa ni mzima, arudi nyumbani, mpaka kifua kikuu kikammaliza. Mwili ukitumia chakula huacha kemikali ndogondogo kwenye damu, na ugonjwa huzibadilisha. Mashine ya maabara yetu imesoma damu ya wagonjwa na ile mliyotoa ninyi wazima wa Kondoa wiki ya pili baada ya Idi. Kuna kemikali moja: kwenu imejaa, kwa wagonjwa haipo kabisa. Huenda siku moja tone la damu likatosha, bila makohozi. Mwezi wa nane nitaieleza kwenye mkutano wa wanasayansi Arusha.

Mwanao,
Ikram

Kondoa
25 Juni 2025

Mwanangu Ikram,

Marahaba. Goti lipo palepale, na mbuzi nao. Sipigi simu kwa sababu kwenye simu unaniambia "usijali" kabla sijamaliza.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikalia. Nikamsomea jirani Shakila, mwenye mbuzi, naye akalia. Natamani baba yako angekuwepo.

Msalimie muuguzi Ritha. Yule binti ana adabu, alimpa kila mtu mkate na yai kabla ya kumtoa damu. Karibu wote tulikuwa tumefunga zile siku sita za Shawali, lakini funga ya sunna haitangazwi, na kumkatalia tuliona haya. Tukavitia kwenye khanga, jioni tukafuturu navyo. Mkate ulikuwa laini sana.

Mama yako

Kondoa
20 Julai 2025

Mwanangu,

Hujambo? Sisi wazima. Wiki ya nne hii sijapata neno lako. Nimemuuliza Shakila kama niliandika kitu kibaya, akasema hakioni. Kama umechoka, sema umechoka.

Mama yako

Area D, Dodoma
27 Julai 2025

Mama,

Shikamoo, na unisamehe. Hukuandika kibaya. Uliandika kweli, nikashindwa kuijibu.

Ule mkate haukuwa takrima. Nilitaka watu wote wawe wamekula sawa, damu itolewe saa mbili baadaye. Wagonjwa walikula. Ninyi mlikuwa na njaa tangu daku hadi alasiri. Nimerudia hesabu zote: kemikali niliyoishangilia ni ya njaa tu, Mama. Nilisubiri Ramadhani ipite makusudi, halafu zile sita zinazoifuata nikazisahau, mimi niliyelelewa nyumbani kwako.

Siku tatu nilifikiria kunyamaza. Barua yako niliiweka chini ya godoro, na hakuna ambaye angejua. Kisha nikamfikiria mgonjwa aliyefunga, daktari anapima damu yake, anamwambia ni mzima, arudi nyumbani. Nikaichukua barua nikampelekea Dakta Emiliana, mkuu wetu. Jina langu limeondolewa Arusha. Amenipa mpaka Oktoba nianze upya. Nikishindwa, utafiti huu unafungwa.

Sijakukasirikia. Nimejikasirikia mwenyewe.

Mwanao,
Ikram

Kondoa
4 Agosti 2025

Mwanangu Ikram,

Marahaba. Ulifanya vyema kumpa barua. Baba yako angekushika mkono.

Kuna jambo sikukuambia. Miaka ya karibuni zile sita za Shawali zimekuwa zikinishinda, kwa goti na umri. Mwaka huu nilizifunga kwa ajili ya kazi yako, nikawaomba majirani wafunge nami, kila jioni waniitikie dua ifanikiwe. Ndiyo maana tulikuwa wengi namna ile. Niliposoma barua yako niliingia chumbani nikajifungia, na Shakila alipobisha hodi sikumwitikia mpaka magharibi.

Asubuhi yake nilitoka. Nimepita nyumba kumi na tisa, nikamuuliza kila mmoja kama siku ile alikuwa amefunga. Jambo hilo halina desturi ya kuulizwa, nami nimeliuliza. Wengine walininunia. Lakini nilipowaeleza habari ya baba yako na ya yule mgonjwa wako, wote wamekubali kutoa damu tena.

Mlete Ritha. Asije Jumatatu wala Alhamisi, wapo wanaofunga siku hizo. Aje Jumatano. Tutakaa kwenye mkeka mbele yake, tule mpaka makombo, na mimi nitaanza.

Dua sijaiacha. Safari hii nitaiomba nikiwa nimeshiba.

Mama yako