Jalidi kwenye Kabichi za Mama

Mama yangu,

Leo imeanguka jalidi, ya kwanza tangu tukuzike mwezi wa nane. Alfajiri niliona dirishani umande umeganda bustani nzima, nikakimbilia nje na karatasi na penseli, bila hata koti. Nilichutama kwenye kabichi zako, nikajaribu kuchora vile vinyoya vya barafu vinavyoota ukingoni mwa jani, kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Vidole vikafa ganzi. Jua likachomoza nyuma ya paa la jirani, na kabla sijamaliza jani moja, vyote vikawa maji.

Nilikaa pale pale kwenye tope nikalia.

Miaka yote ile hapa ugenini, Small Heath, ulikuwa ukinigongea mlango asubuhi za baridi. "Rukia, njoo utazame. Mungu kadarizi." Nami nikikujibu kwa Kiingereza kwamba nachelewa kazini. Sikutoka hata siku moja, Mama. Ulikuwa ukirudi ndani peke yako, viatu vimelowa, unakaa karibu na hita na kitambaa chako cha kofia, uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe. Wanaume wa msikitini walikuwa wakiuliza maua yale ya kofia umeyatoa wapi, maana kwetu Unguja hawajayaona. Ulikuwa ukicheka tu.

Baba mwili wake hauna neno. Kichwa ndicho kinachozidi kusahau. Kila asubuhi anauliza uko wapi. Mwanzo nilikuwa nikimwambia kweli, na kila mara ikawa kama ndiyo kwanza anapata habari. Analia mpaka naogopa. Basi nikaanza kumwambia umekwenda Coventry Road kununua uzi. Anatulia. Anavaa koti lake, anakaa karibu na mlango kukungoja, na mimi nampita nikienda kazini na uongo wangu.

Ile kofia uliyomwanzia Baba majira ya baridi yaliyopita niliikuta chini ya mto wako. Kipande cha juu ulikuwa umekimaliza. Ukanda wa pembeni uliishia nusu, sindano ingali imechomekwa. Nilijiambia nikiimaliza na Baba akaivaa, labda roho yake itatua. Labda na yangu. Miezi mitatu nimekuwa nikishona kila nikitoka kazini, nikifumua, nikishona tena, hata kitambaa kikachanika mahali pawili. Bi Nasrin, jirani yetu, aliniambia kwa upole niiache. Sikumsikia. Nilikuwa nikisema moyoni, ngoja ianguke jalidi, nitaona alichokuwa akiona Mama.

Leo nimeiona, na sikuambulia kitu. Nikarudi ndani nikashona kwa kukisia tu, mpaka adhuhuri nikaimaliza. Nikampelekea Baba kwenye kochi.

Aliigeuza geuza. Akapitisha kidole kwenye mishono yako, polepole, uso ukamkunjuka. Kidole kikafika kwenye yangu kikasimama.

"Hapa si mkono wake," alisema. "Zuwena yuko wapi?"

Mimi ananiita nesi, Mama. Jina langu limemtoka kabisa. Lakini mkono wako anaujua kwa kupapasa. Nilitaka kumwambia umekwenda dukani, nikaona haya. Nikapiga magoti mbele yake nikamwambia umekufa, umezikwa, na mimi ndiye niliyeiharibu kofia.

Hakulia. Akaivaa kofia ile na matundu yake, akaniuliza, "Na wewe ni nani yake?"

"Mwanawe," nilisema. "Mwanawe wa pekee."

Akajisogeza pembeni, akanipa nafasi. Tukakaa hivyo mpaka magharibi.

Kesho atauliza tena. Sijui nguvu nitazitoa wapi. Nimechoka, Mama, na nyumba hii bila wewe hainikubali. Kuna siku nasimama jikoni nimeshika kikombe, sijui nilikuja kufanya nini. Nisamehe kwa asubuhi zote zile ulizonigongea mlango.

Naahidi jambo moja tu, ndilo ninaloliweza. Sitamdanganya tena. Akiuliza nitamwambia, na akilia sitamwacha alie peke yake.

Pumzika kwa Mola wako, mama yangu. Kwaheri.

Mwanao,
Rukia