Kompyuta Inazimika Mama Mkwe Akiingia

Mama Martine mpendwa, ninakusikiliza redioni kila Jumamosi na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja ni mimi nitakayeandika, lakini mambo yamenifika shingoni, naomba unisaidie mawazo. Mimi ni baba wa watoto wawili, ninaishi kartie Lumumba, mtaa wa hapa Bunia, kazi yangu ni kupiga na kupanga video za harusi na za matanga, na kwa kazi hiyo nilitafuta kompyuta mpakato kubwa ya michezo, ile yenye nguvu, maana zile za kawaida zilikuwa zinashindwa, na sitakuficha, jioni ninaichezea pia mbio za magari, ndiyo starehe yangu pekee kwa sababu pombe sinywi.

Mama mkwe wangu, Mama Domitille, alikimbia fujo za Djugu akafika kwetu na begi moja, nikampokea kwa moyo mweupe, ni mzazi wa mke wangu Nadège, na kwetu mwanaume hakai chumba kimoja na mama mkwe wake wala hamkazii macho, heshima hiyo nimeishika tangu alipofika: akiingia saloni, yaani sebuleni, mimi ninainuka, ninachukua kompyuta yangu hivyohivyo ikiwa inafanya kazi, pamoja na waya wake mrefu, ninaingia chumbani, ninafunga pazia na kuendelea kitandani juu ya blanketi. Sasa shida ni hii, kila mama akiingia kompyuta inaharibika. Kwanza feni inaanza kulia kwa nguvu, halafu picha zinakatakata, halafu giza, inazimika yenyewe na chini yake huwezi kugusa kwa jinsi ilivyo moto. Mama akienda kanisani inafanya kazi kutwa nzima bila neno. Shangazi yangu alipokuja kututembelea nilibaki naye saloni mchana mzima nikiendelea na kazi, haikuzimika, kwa hiyo si suala la wazee wote, ni yeye.

Nilinyamaza mpaka ilipozimika ikiwa inaunganisha vipande na kutoa filamu nzima ya harusi ya binti wa mzee Gaspard, faili ikaharibika, nikaaibika mbele ya ukoo wake wote. Hapo nikamweleza ndugu Hippolyte, anayeongoza kikundi chetu cha maombi, akaniambia, “Kaka, masini haisemake uongo. Kuko kitu yenye huyu mama alitoka nayo kule.” Wanataka kuja Jumapili kumwombea, lakini kwanza yeye atubu mbele ya watu. Nadège aliposikia alisimama mlangoni akaniambia, “Kama mama anaenda, na miye naenda na batoto. Weye utabakia na masini yako.” Mama mwenyewe amekwisha kujua, siku hizi anakula nje karibu na jiko hata mvua ikinyesha, anamwambia binti yake, “Acha nikae inje, mukwe yangu afanye kazi yake muzuri.” Na kweli, akikaa nje kompyuta haizimiki, na hilo ndilo linaloniogopesha zaidi.

Watu wanasema kule juu kumetulia kidogo, wengine wamerudi kulima, na nimekwisha kuongea na dereva wa lori anayepanda Kpandroma, upande wa kwao mama, wiki hii, ana nafasi moja mbele. Lakini silali vizuri. Nimwambie mama kwa maneno gani aende, bila kuvunja heshima na bila kumpoteza mke wangu?

Mkwe aliyechanganyikiwa, Lumumba

*Mama Martine anajibu:*

Ndugu yangu, pole kwa filamu ya harusi. Pole yangu imeishia hapo.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikakasirika, mara ya pili nikacheka, sasa nimetulia. Umeniandikia kila kitu ninachohitaji, ila wewe mwenyewe hukusoma ulichoandika. Mama Domitille akiingia, nani anahama? Kompyuta inahama. Inatoka mezani inaenda kulazwa juu ya blanketi, tena ikiwa katikati ya kazi nzito.

Kompyuta ya aina hiyo inavuta hewa kwa chini, kwenye yale matundu, na kutoa joto nyuma na pembeni. Juu ya meza inapumua. Juu ya blanketi umeiziba pua. Feni inalia kwa sababu inatafuta hewa, picha zinakatakata kwa sababu mashine inajipunguzia nguvu isiungue, na mwisho inajizima ili ijiokoe. Shangazi yako alipokuja haikuhama. Mama akienda kanisani haihami. Akikaa nje kwenye mvua haihami. Ni shetani gani huyo asiyeweza kufanya kazi bila blanketi lako?

Sisi hapa redioni tunaishi na jenereta na mashine zinazochemka, kwa hiyo nisikilize. Izime kabisa, chomoa waya, iache ipoe. Hujaandika ni lini uliisafisha, basi jibu ninalijua. Vumbi jekundu la Bunia limejaa humo ndani. Kama huna mkono mwepesi mpe fundi afungue kifuniko cha chini, atumie brashi laini iliyo kavu, na aizuie feni kwa kidole isizunguke anapopuliza vumbi. Kitambaa chenye maji kikae mbali. Aangalie na ile dawa nzito, inafanana na dawa ya meno, iliyo kati ya chipu na shaba inayovuta joto lake. Ikikauka joto halina njia ya kutoka. Ukiirudisha mezani weka vifuniko vya chupa chini ya pembe zake, hewa ipite.

Halafu mipangilio. Umeiweka kwenye “Performances”, nguvu zote, tangu siku ya kwanza, ninyi wanaume hamjui alama nyingine. Kazi ya kila siku iweke “Équilibré”, nguvu ya wastani. “Performances” ni ya kutoa filamu, mashine ikiwa mezani na dirisha wazi. Kwenye mchezo wako punguza idadi ya picha kwa kila sekunde, sitini zinatosha. Lile gari lako halina abiria wanaoligoja. Na kama picha za asili za harusi bado unazo, filamu ya mzee Gaspard itoe upya kabla ya kucheza chochote.

Sikuambii uvunje desturi ya kwenu. Mama akiingia, inuka, inamisha macho, ondoka. Kompyuta iache mezani. Kompyuta si mkwe wa mtu.

Ndugu Hippolyte mwambie Jumapili asije. Akitaka sana kuja, aje na brashi.

Sasa kuna jambo lililoniuma na ninalisema waziwazi. Mama aliyeacha nyumba yake akikimbia amekaa mvuani na sahani yake ili wewe ufanye kazi, na wewe ukamhesabia hilo kuwa ushahidi. Unasema kule kumetulia kidogo. Wewe ungewapeleka watoto wako kulala huko wiki hii? Atarudi kwake siku atakayotaka mwenyewe. Kwa kuwa huruhusiwi kumkabili, msamaha utaupeleka kwa mdomo wa Nadège, lakini kwanza umwombe Nadège mwenyewe, na usilete maneno ya matundu na feni. Mwambie tu kwamba ulimsingizia mama yake.

Mambo ya fundi yangoje. Kama unanisikiliza sasa hivi, inuka umpigie yule dereva, umwambie hakuna mtu anayesafiri kutoka nyumbani kwako.